Mama Mkwe Alisema na Ndama

Nilipooa, pale Sumbawanga mjini sikuwa mtu wa kuulizwa ni nani. Shule niliishia darasa la nne, hilo silifichi, lakini serikali ilipowafungulia watu binafsi kununua mazao mimi sikungoja kuelezwa mara mbili. Nilianza na baiskeli na mizani ya kuazima, nikisomba mahindi kutoka Kasense, na kabla ndevu hazijajaa vizuri nilikuwa na stoo yangu, gari langu na nyumba ya bati. Wenye elimu zao walikuwa wananiwahi salamu barabarani. Mpunga ndio ulionishusha bondeni, Ilemba, na huko nikampata binti wa Kisukuma aliyenipunja kwenye debe la kwanza nililonunua kwao. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunipunja. Nikaona huyu ndiye.

Ng'ombe wa mahari nilinunua wote mnadani, vijana wakawaswaga hadi kwa baba mkwe, mimi nikafuata nyuma kwa gari. Mkono wangu haukugusa hata mkia.

Mwanzoni tulikubaliana tusubiri mtoto. Msimu wa mahindi mimi nilikuwa nashinda na kulala Laela, naye hakutaka kubeba mimba kwenye nyumba ambayo madirisha yake bado yamezibwa magunia. Akawa anachukua vidonge vya uzazi wa mpango kliniki. Mama yangu mzazi, Mfipa wa misa ya kila asubuhi, hakujua. Akija kwetu alipiga rozari tupate mtoto, na vidonge viko palepale nyuma yake, ndani ya kopo la majani ya chai.

Madirisha yakaingia vioo. Nikanunua kitanda kikubwa, blanketi nzito za baridi yetu ya Ufipa, beseni la kuogeshea mtoto, na bado mfuko haukutikisika. Nikamwambia mke wangu, "Sasa tumekamilika. Tupa vile vidonge."

"Ng'ombe yuko wapi?" akaniuliza.

"Ng'ombe wa nini?"

"Wa maziwa ya mtoto."

Nikacheka. Soko huria lilikuwa limejaza maduka, maziwa ya kopo yamepangwa mpaka kwenye dari. "Nitakuletea katoni nzima," nikasema.

"Kwetu mtoto hazaliwi kwenye nyumba isiyo na ng'ombe wa kukamuliwa. Tena umkamue wewe. Kina dada wote waume zao wanakamua."

"Nitaajiri mtu."

"Asubuhi mtu wako akiwa ametoroka, mimi nimelala na kichanga, mtoto atakunywa noti?"

Nimeshusha bei mbele ya matajiri wa Tunduma wakaondoka wanajikuna vichwa, lakini kwa huyu sikupunguziwa hata kidogo. Vidonge havitoki kwenye kopo mpaka anione nakamua kwa mikono yangu, maziwa yaonekane. Nami nilikuwa nataka mtoto, jamani. Wenzangu wa stoo walishaanza kuniuliza ile nyumba nimemjengea nani.

Baba mkwe alipopata habari alitupatia ng'ombe mwenye mimba. "Mkwe," aliniambia siku nilipokwenda kumchukua, "huyu ana jina lake la Kisukuma, ila usijitese. Mwite hata Mfipa, ataitika."

Akapandishwa mlima kwa miguu akakuta baridi ya Juni. Mnyama wa joto la bonde, akawa anatetemeka mpaka pembe. Nikachukua sindano ya kushonea magunia nikamshonea koti, nalo lilimkaa vizuri kuliko makoti ya mitumba wanayovaa watu. Majirani wakauliza anakwenda misa ya ngapi. Siku chache baadaye akazaa ndama jike, mwekundu, koti likiwa mgongoni.

Ikabaki kukamua. Utaratibu mke wangu alinionyesha: ndama ananyonya kidogo ili mama ashushe maziwa, halafu unamvuta ndama pembeni, unamfunga mahali ambapo mama atamwona, ndipo unachuchumaa na sufuria. Nikachuchumaa. Mikono yangu ilikuwa inanyanyua gunia la kilo mia peke yake, nikajua chuchu haiwezi kunishinda. Nikavuta. Sufuria ikaenda kule, mimi huku.

Kesho yake hakupiga teke, ila alibana maziwa yote ndani. Mke wangu alikaa kizingitini na kikombe cha uji, ananitazama.

"Leo amekupa kiasi gani?"

"Amenitazama tu."

Ikawa hivyo kila asubuhi, ndama anashiba, mimi natoka na sufuria kavu.

Basi mama mkwe akapanda kutoka Ilemba kuja kutibiwa macho. Kwa mila zao mimi na yeye hatuonani uso kwa uso wala hatusemeshani, ni heshima, kwa hiyo alifikia kwa ndugu yake wa ukoo, nyumba ya jirani, katikati yetu ua wa matete. Macho yalimsumbua lakini masikio yalikuwa mazima. Asubuhi moja sufuria ilipolia kwa teke, sauti ikatoka nyuma ya matete.

"Ndama. Wee ndama. Hivi huyo anayemkamua mama yako anadhani anafunga gunia?"

Nikaganda. Mke wangu akajiziba mdomo kwa kanga. "Usigeuke," akaninong'oneza. "Anaongea na ndama."

"Mwambie asivute," sauti ikaendelea. "Abane juu kwa kidole gumba na cha shahada, vingine vifuate kimoja kimoja kushuka chini."

Mimi si mtu wa kushindwa kwa maneno. "Ndama," nikasema, "mwambie bibi wa huko kwamba mikono hii ndiyo imejenga nyumba hii."

"Ndama, nyumba haina chuchu."

Mke wangu akakaa chini kabisa kwa kicheko. Nikabana juu, nikashusha vidole kama nilivyoambiwa. Maziwa yakatoka kidogo, mstari mwembamba.

"Ndama, mwambie na mdomo aufungue. Ng'ombe anataka kusikia mtu. Akikaa kimya hivyo anadhaniwa mwizi."

Hapo sasa nilikuwa nyumbani. Nikaanza kumsimulia ng'ombe. Nikamweleza jinsi nilivyonunua mahindi yote ya Laela mwaka ambao wengine waliogopa mvua, nikamweleza dereva aliyetaka kuniibia nikamshtukia kwa harufu ya dizeli, nikamtajia watu wakubwa waliowahi kusubiri nje ya stoo yangu. Yule mnyama akashusha pumzi, akaanza kucheua, na kiwele kikalegea mikononi mwangu. Maziwa yakapiga sufuria kama mvua juu ya bati. Nilisimulia mpaka povu likafika ukingoni.

Sauti ikatoka tena nyuma ya matete: "Ndama, baba yako huyu anasema sana." Akakohoa. "Lakini mama yako amemwelewa."

Mke wangu akaipokea sufuria, akaitazama, akanitazama. Maziwa ya kwanza alijaza kikombe akampelekea mama yake kwa kuzunguka ua. Kikombe kilirudi kitupu, na sauti ikaja juu ya matete: "Ndama, shiba sasa hivi. Mwakani mtagawana na mwenzio."

Mama mkwe akarudi bondeni. Mimi nikaendelea kukamua asubuhi na jioni, na nilifika mahali pa kuwaonyesha wengine. Hata Wasukuma wawili waliohamia mtaani waliwahi kuja kunitazama, ingawa wao wanasema walikuja kuomba maziwa. Ikafika siku ya mke wangu kwenda kliniki kuchukua vidonge vingine. Nilimkuta uani, ungo mapajani, anachagua maharage.

"Leo si siku yako ya kliniki?"

"Ng'ombe anakamuliwa," akasema bila kuinua macho. "Nikafuate nini huko?"

Nikachukua sufuria nikaenda zizini. Jua lilikuwa bado juu kabisa, saa ya kukamua haijafika, ng'ombe akanishangaa.