Gauni Lililozibwa Shingo

Manundu, Jumamosi jioni.

Rehema na Agnesi, leo sifichi kitu.

Mwanaidi, fundi wa baba, ameshona gauni la shule akaliziba shingo.

Mteja alimvika bintiye palepale dukani. Kichwa kikagoma kutoka.

"Fundi, umemshonea mwanangu gunia?"

Tulicheka wote. Mwanaidi naye alicheka, kisha akalia.

Tangu fundi mwenzake ahamie kijiji cha ujamaa huko Misima, anashona peke yake sare za shule tatu. Hapumziki hata Ijumaa.

Baba alisema tu, "Mwisho wa mwezi zote ziwe tayari."

"Ndiyo, mzee," akajibu, akakanyaga cherehani.

Mwanaidi akichoka akaondoka, duka litafungwa.

Shuleni nimefundishwa kupinda nguo na kutia vifungo. Nikimwomba baba ampumzishe siku mbili, mimi nimsaidie, ataona namfundisha kazi? Nijibuni kwa basi la kwanza.