Jina ilivyotoka kwa Mwikali

Watu wangu, leo nimeona mtu akinyang'anywa jina mchana peupe, huko hospitali.

Nilisindikiza jirani yangu Mwikali kwa skani. Ameolewa miaka mingi bila mtoto, na sasa tumbo imefura kama ya mtu anakaribia kuzaa. Mama mkwe naye akakuja, tena na leso mpya.

Njia yote alikuwa akimwambia Mwikali "Mama Mutua, kanyaga pole", "Mama Mutua, keti kwa kivuli". Mutua ni marehemu bwanake huyo mama mkwe. Mtoto ndio angepewa hiyo jina.

Daktari akapaka ile mafuta baridi, akaangalia.

Mama mkwe akauliza, "Ni kijana?"

"Susu," daktari akamwambia huyo nyanya, "hapa hakuna mtoto. Ni uvimbe kwa ovari, imejaa maji. Lazima itolewe haraka, isije ikajisokota ndani."

Nikashika Mwikali mkono.

Sasa mnajua yule mama alisema nini?

"Mwikali, vaa viatu. Kumbe tumekuwa tukipea maji heshima."

Akatoka na leso yake. Hata kuuliza kama Mwikali atapona, wapi.

Mwikali hakulia. Alifunga viatu pole pole, halafu akaniuliza, "Nikifia huko operesheni, kweli watanizika kwa boma yao bila mtoto?"

Nikachukua karatasi zake, tukaenda kuandikisha siku ya operesheni.

Kesho kutwa anapasuliwa. Mimi ndio nitalala na yeye.

Nyinyi mungemjibu aje?