Baiskeli Nyeusi na Neno la Mtani

Mwanangu, iegemeze baiskeli yako hapo ukutani, ukae. Ufa wa kwenye fremu yake nimeuona. Umeniuliza kama itengenezwe au itupwe, nami sitakujibu mpaka nikusimulie siku moja ambayo naikumbuka kuliko hata siku yangu ya ndoa. Wewe unajua kwamba baba yako aligongwa na lori. Lori lilikuwa jambo la mwisho tu. Weka simu chini.

Milango ya nchi ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa kwa bidhaa za nje. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tuliamka tukaikuta Kariakoo imejaa redio, mapazia, viatu, na baiskeli kuukuu za Ulaya zimerundikwa barabarani kama kuni. Hatukuuliza mwenye nacho alikiacha kwa nini. Kimetoka nje, basi, kizuri. Ulimbukeni ni ugonjwa, mwanangu, na wakati ule tuliugua mji mzima.

Baba yako Hamisi alikuwa akichukua majora ya vitenge katika duka la Bwana Dhiru, Mhindi mmoja wa mtaa wa pili, na kuwapelekea mafundi cherehani wa Magomeni. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha: yeye, mama yako aliyekuwa na mimba yako, na mimi mdogo wake niliyelala ukumbini. Kisha baiskeli yake ikaibiwa Mnazi Mmoja, mchana kweupe, ameiegemeza anywe maji. Bwana Dhiru hakuwa mtu mbaya, lakini hakuzungusha maneno. "Hamisi, mafundi wananisubiri," alimwambia. "Kesho ukija na baiskeli, kazi ni yako. Ukija kwa miguu, nitatafuta mtu mwingine."

Jioni ile ile alirudi na baiskeli nyeusi ambayo hatujapata kuona mfano wake. Ilikuwa ya kupandia milima, matairi manene, na fremu nyepesi hivi kwamba aliinyanyua kwa vidole viwili akicheka. Haikuwa ya chuma. Muuzaji alimwambia hiyo ni kaboni, huko kwao wanafanyia mashindano ya mbio. Aliipata kwa bei ya kutupa kwa sababu moja: shingoni, pale usukani unapoingia, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Asubuhi tukaipeleka kwa Mzee Kondo, fundi baiskeli wa barazani karibu na Msimbazi. Sasa hapa sikiliza vizuri, maana nyinyi vijana mambo haya mmeyaacha. Sisi Wanyamwezi, yeye Mzaramo, na makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na usinune. Mkifiwa, yeye ndiye anayekuja kuigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, ili wenye msiba wacheke kidogo katikati ya machozi. Ni kazi yake, na hakuna wa kumkasirikia.

"Shikamoo, mtani," alisema baba yako.

"Marahaba, mpagazi. Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu. Wewe Magomeni tu, unataka kupanda?"

Watu waliokuwa barazani wakacheka. Mzee Kondo akaigeuza baiskeli juu chini, akapitisha ukucha juu ya ufa, akagonga, akasikiliza, akagonga tena upande usio na ufa.

"Hii siichomelei. Si chuma. Nikiipelekea moto itaungua kama ukili wa mkeka."

"Basi tutaitia gundi, tuifunge kwa mipira ya tyubu," alisema baba yako. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Zibeni, zibeni," alisema Mzee Kondo. "Mimi nina hamu ya ubwabwa wa matanga. Siku nyingi sijashiba kwa Wanyamwezi."

Tulicheka, mwanangu. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini mzee hakuwa ameuachia usukani, na kicheko kilipopungua akasema kwa sauti ya chini, "Hamisi..."

Baba yako akamwahi. "Ah, Mzaramo! Wewe unajua ngoma tu. Ungeijua kazi ungeitibu hii, si kuitabiria kifo."

Baraza zima likaangua kicheko upya. Mzee Kondo naye akacheka, nini tena angefanya? Akauachia usukani. Hapo ndipo baba yako alipokufa, na siku zote nilizomwona baadaye akipita na majora yake nilikuwa namwona maiti anayecheka.

Tuliitia gundi nyuma ya nyumba. Mimi ndiye niliyevuta mipira, tabaka juu ya tabaka, mpaka shingo ikanenepa kama iliyofungwa bandeji, kisha tukapaka rangi nyeusi. Kwa wiki kadhaa ilikuwa raha. Baba yako alikwenda Magomeni na kurudi kabla wenzake hawajafika nusu ya njia, na kila alipopita pale barazani alipiga kengele kumcheka mtani.

Siku ile alikuwa na mzigo mkubwa, sikukuu imekaribia. Akateremka mteremko wa Jangwani na watu wote wanaoteremka. Shingo ikakatika. Hakuteleza, wala hakugongwa kwanza, kama ulivyoambiwa. Baiskeli iligawanyika mikononi mwake, akaanguka mbele, na lori lililokuwa nyuma halikuwa na pa kukimbilia. Nilipofika nilikuta vitenge vimetandazika barabarani, vimeshalowa. Nikaiokota ile baiskeli. Mipira yangu ilikuwa imeshika sawasawa, haikulegea hata kidogo. Kilichokatika kilikuwa pembeni yake, mahali ambapo sisi hatukuona kitu.

Msibani watu walimsubiri mtani. Msiba wa kijana ni mzito, na wanawake walikuwa wamelia mpaka sauti zimekauka. Mzee Kondo alipotokea, watu wakasogea kumpisha, wengine wakaanza hata kutabasamu, wakijua sasa atapanda baiskeli ya hewani, apige kengele, amwige marehemu. Akapita. Akaenda kukaa ukingoni mwa mtaro, mikono magotini. Sinia la ubwabwa likaletwa mbele yake, akaligeuzia uso.

Babu yako, aliyekuwa ameingia na treni kutoka Tabora, hakuelewa. "Mtani," akamwita, "mbona hutufanyii kazi yako?"

"Nilishaifanya, bwana," alisema Mzee Kondo. "Niliifanya mapema, mwenyewe akiwa hai. Na alicheka sana."

Sinia la ubwabwa likaondolewa.

Baada ya matanga nilimfuata barazani. Nilikwenda na hasira, nataka kumuuliza kwa nini hakutuambia wazi kwamba fremu ni mbovu. "Nililianza lile neno," akasema. "Mkacheka, nikaona haya kuharibu kicheko. Na wewe uliyekuwa umeshika ukuta, kwa nini hukurudi kuniuliza nilitaka kusema nini?" Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tunausema msemo huo kila siku kama salamu.

Basi hili ndilo ninalokuachia. Mtu mzima akikutania juu ya jambo la hatari, cheka, ni adabu. Kisha ngoja watu watawanyike, urudi peke yako, umuulize tena. Na ukiwa wewe ndiye mwenye neno zito, usilivishe nguo ya mzaha ili lipite kwa urahisi, maana litapita kweli, na halitarudi. Methali nayo isikudanganye. Upo ufa wa kuzibwa, na upo wa kukimbiwa. Cha kuvunda hakina ubani. Mnasema siku hizi wapo mafundi wanaoijua kaboni kama hii yako. Sawa, lakini asiyeweza kukuonyesha ndani ya fremu pakoje, usimpe shingo yako.

Mimi kaboni siijui hata leo. Nitazame usoni, mwanangu. Sicheki. Baiskeli hiyo usiipande tena.

Mungu akukinge na lililojificha chini ya rangi. Akupe masikio, akupe na watu wa kukwambia kweli bila kukuonea haya, na akujalie uzee ambao baba yako hakuufikia. Haya, iache hapo hapo ukutani. Leo utarudi nyumbani kwa miguu.