Nilivyopeleka daftari la ng'ombe la Bariadi kwenye cloud nikamfufua marehemu

Wakuu, shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo vipi.

Leo naleta aibu yangu mwenyewe jukwaani kabla hawajaileta wengine, maana kuna mama mmoja Somanda ameapa kunisimulia kwenye kila harusi atakayoalikwa. Yametokea kweli, nimebadilisha majina tu. Wataalamu wa IT someni taratibu, nyie ndio mtanicheka zaidi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi imenileta Bariadi, huu mwaka wa tatu, nashughulika na kompyuta za ofisini.

Sasa mtaani wakishajua wewe ni mtu wa kompyuta, umekwisha. Utaitiwa printer, utaitiwa simu iliyotumbukia kwenye ndoo. Siku moja niliitiwa pasi. Nikaenda, na niliitengeneza, ila hiyo siyo mada.

Kuna kikundi cha wafugaji hapa Somanda. Wana daftari la ng'ombe, na siyo la karatasi. Fundi mmoja aliwatengenezea mfumo: kila ng'ombe ana picha yake, rangi, alama ya sikio, jina la mwenye mali na boma analolala.

Hilo la boma ni muhimu, niwaeleze taratibu wenzangu wa pwani maana na mimi lilinichukua muda. Huku mtu hawalazi ng'ombe wake wote sehemu moja. Watatu kwake, watano kwa rafiki, wawili kwa shemeji kijiji kingine. Ugonjwa au wezi wakiingia boma moja, hutabaki mikono mitupu. Rafiki anakamua maziwa, wewe ng'ombe ni wako. Mnaaminiana.

Mnaaminiana mpaka rafiki afariki.

Ndicho kilichompata Mayu Kabula. Mayu ni mama, kwa heshima ya huku. Ni mjane, ndiye mwenyekiti wa kikundi, ana mdomo balaa. Alikuwa na ng'ombe watano kwa rafiki wa familia, kata nyingine. Rafiki akafariki, mdogo wake akasema ng'ombe wote bomani ni wa ukoo, hamjui Mayu Kabula wala habari zake.

Nyumbani kwake walikuwa wamebaki wawili, mmoja ni mzee wa kusubiri siku yake. Wale watano ndio walikuwa maisha yake.

Viongozi wa kata wakaweka kikao Ijumaa saa nne asubuhi. Kila mtu aje na ushahidi.

Ushahidi upo, kwenye mfumo. Tatizo mfumo unaishi ndani ya desktop moja ya zamani ofisini kwa kikundi, na hiyo desktop ilikuwa mgonjwa. Inapata moto, ikifika nusu saa inazima. Katibu wa kikundi, Katibu Maduhu, alikuwa anaandika kwa mkono mmoja, mkono wa pili anaipepea kwa kipande cha boksi. Siyo utani.

Jumamosi wakaniita. Nikaangalia, nikakuta mfumo ni virtual machine, yaani kompyuta ya kufikirika inayoendeshwa ndani ya ile ya kushikika. Moyoni nikasema hii nimeiweza. Nachukua disk ya hiyo mashine, naipandisha cloud, yaani kwenye kompyuta za kukodi mtandaoni, kama image, naiwasha kule, Ijumaa Mayu anafungua kwa simu mbele ya kikao.

Nikawaeleza kwa Kiswahili changu cha Tanga, kirefu, kitamu. Mayu Kabula akasikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza mayu."

"Haya. Fanya kwa kifupi sasa."

Njia sahihi ni ku-export, yaani kuitoa mashine nzima na vyote vyake kwa mpigo. Nikajaribu mara tatu, mara tatu desktop ikazima katikati. Nikachoka. Nikafungua folder, nikaona faili moja kubwa la disk, na pembeni vifaili vya majina marefu ya ajabu, herufi na namba. Nikajua takataka za programu. Nikakopi lile kubwa peke yake.

Wataalamu najua hapo mmeshashika kichwa. Subirini.

Katibu Maduhu alikuwa nyuma yangu na boksi lake. Akauliza, "Na hivi vingine huvichukui?"

Nikamjibu, "Katibu, wewe pepea." Wakuu, nilisema hivyo. Mtu mzima, ana wajukuu.

Jumapili nikaenda Nyashimo. Faili lilikuwa la GB arobaini, na kwa bando la simu yangu ile progress bar iliniambia siku tano. Nyashimo nina rafiki mwenye ofisi yenye intaneti ya fiber. Nikabadilisha muundo wa hiyo disk ili cloud iikubali, nikapandisha, tukaenda kula sato. Tuliporudi image imeingia, status *Available*, rangi ya kijani.

Nikawasha ile mashine kule cloud. Inasema *Running*. Nikafungua kwenye browser, kimya. Nikafungua port kwenye firewall, yaani mlango kwenye ukuta wa ulinzi, kimya. Nikazunguka na hilo karibu masaa mawili, rafiki yangu akaanza kufagia ofisi kuzunguka miguu yangu.

Kumbe ile mashine ilikuwa bado inatumia IP ya kule Somanda. Imehama mji ila inataja anuani ya zamani. Nikaingia kwa console, nikaiambia ichukue IP itakayopewa na cloud, nika-reboot. Ukurasa wa kikundi ukafunguka, na jina lao juu na picha ya fahali.

Nilipiga kelele wakuu. Nikatupia screenshot kwenye group lao la WhatsApp. Mikono ya kupiga makofi ikamiminika. Kuna mzee mmoja alituma maua.

Na hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Jumatatu nikapita ofisini kwao na flash. Nikasema hii desktop tatizo lake ni uchafu wa miaka, ngoja niwape zawadi. Nikaipiga format ikabaki tupu, nikaweka Windows mpya, nikasafisha feni. Ikawaka masaa matatu bila kuzima. Katibu Maduhu akaweka boksi lake chini, akaitazama tu.

Jumanne Mayu Kabula akaja afanye mazoezi. Nikampa simu, nikamwambia andika jina lako hapo utafute. Akaandika.

Halikupatikana.

"Jaribu la mzee," nikasema, nikimaanisha mume wake marehemu, nikidhani labda ng'ombe waliandikwa kwa jina lake.

Akaandika. Mzee akatokea. Na siyo jina tu, na picha: amesimama na ng'ombe mwekundu, amekunja uso. Hali: mwanachama hai. Ng'ombe kumi na mmoja. Cheo: mwenyekiti.

Katibu akaja kuchungulia, akavua kofia.

Halafu yule mama akacheka kidogo, akafuta kioo cha simu kwa kidole. "Huyu alikuwa hapendi kupigwa picha. Siku hiyo alinuna mpaka jioni."

Kisha akaniangalia. "Injinia. Umemfufua mzee, wabeja, asante. Ng'ombe wangu watano wako wapi?"

Nikatafuta. Wawili hawakuwepo kabisa, kwa sababu walikuwa hawajazaliwa. Watatu niliwaona kwenye picha wakiwa ndama, wananyonya, kwenye boma la mzee mwenyewe. Mfumo wote ulikuwa wa miaka kadhaa nyuma.

Nieleze kwa ambao siyo wa fani. Yule fundi alipomaliza kazi alipiga snapshot. Ukishapiga, lile faili kubwa linaganda lilivyo siku ile. Kila kitakachoandikwa baada ya hapo kinaingia kwenye mafaili ya pembeni. Yaani vile vifaili vya majina ya ajabu.

Ambavyo sikuvichukua. Na desktop nimeshaifuta.

Nikakaa kwenye kreti la soda. Nilitaka kuanza na maneno ya kitaalamu, yakagoma kutoka. Nikasema tu, "Mayu, nimekosea. Nimefuta." Machozi yalikuwa karibu, sioni haya kusema. Huyu mama Ijumaa anasimama mbele ya watu, na mimi ndiye niliyemnyang'anya cha kushika mkononi.

Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa afadhali. Alimgeukia katibu wakaongea Kisukuma haraka haraka, nikaambulia neno moja tu, Nkololo.

Katibu Maduhu akavaa kofia yake.

"Injinia," akasema, naye ameshaokota hilo jina, "mimi kila mwisho wa mwezi nakopi folder lote kwenye disk ya nje. Lote, na hivyo vifaili. Disk inalala Nkololo, kwa dada yake Mayu, kwenye sanduku la vitenge."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Uliniambia nipepee."

Nikamuuliza nani alimfundisha mambo ya backup. Akashangaa swali lenyewe. "Nani analaza mali yote boma moja?"

Wakuu, mimi nimesoma hiyo kitu darasani, nimefanyia mtihani, nimepata A. Katibu Maduhu alikuwa anaifanya, mimi naijua tu.

Jumatano asubuhi tulienda Nkololo kwa bodaboda mbili. Dada mtu akalifungua sanduku, akatoa kitenge cha kwanza, cha pili, cha tatu, disk iko katikati imelala raha mustarehe. Kabla hajanipa akauliza, "Ndiye huyu aliyefuta?" Habari ilikuwa imenitangulia.

Safari hii niliifungua mashine kwenye laptop yangu, nikaunganisha snapshot na mafaili yake yote yakawa disk moja. Na kabla ya kwenda popote nikamwita Mayu Kabula aangalie mwenyewe. Ng'ombe watano wote wapo, kwa jina lake. Alhamisi nikarudi Nyashimo kupandisha image mpya. Rafiki yangu akanipokea na ufagio.

Ilipowaka nikampigia Mayu nimwambie, na kwamba ile ya mwanzo naifuta sasa hivi.

"Usiifute."

"Mayu, ile ina makosa."

"Najua. Huko kwenye mpya picha ya mzee iko?"

Nikaangalia. Haikuwepo. Alipofariki akaunti yake ilifungwa, picha ikaenda nayo.

"Basi iache," akasema, akakata simu.

Sikuifuta. Niliizima tu, ila disk yake ipo mpaka leo, na picha nimemsafishia kubwa, iko ukutani kwake.

Ijumaa saa nne tukakaa. Mdogo wa yule rafiki aliongea kwanza, kwa kujiamini, kwamba ng'ombe ni wa kaka yake na kaka yake hakuwahi kumtaja mama huyu. Mtendaji wa kata akamgeukia Mayu Kabula.

Mayu akafungua simu. Mimi nilikuwa naiangalia network kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Ukurasa ukazunguka. Ukazunguka tena. Ukafunguka.

Ng'ombe wa kwanza, picha, alama ya sikio, jina la Mayu Kabula. Wa pili. Wa tatu. Simu ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia yule bwana ilikuwa kwenye picha ya wa tano: Mayu Kabula kashika kamba, na pembeni yake kaka mtu mwenyewe, anacheka, siku anawapokea bomani.

Akaisogeza karibu na macho. Nilijiandaa kwa ubishi. Akasema taratibu, "Huyu ni kaka. Hili shati nilimnunulia mimi."

Akarudisha simu kwa mikono miwili. "Mama, aje mtu awachukue. Mimi sikuambiwa."

Nafikiri kweli hakuambiwa. Mayu naye aliona hivyo, maana alimwambia wawili wabaki palepale waendelee kukamuliwa, watatu ndio warudi. Ila safari hii akapiga naye picha hapohapo, na Katibu Maduhu akaiingiza kwenye mfumo kabla hatujanyanyuka.

Nilichojifunza: kijani cha *Running* kinakwambia mashine imewaka, hakikwambii kilichomo ndani. Mwite mwenye data aitazame kwa macho yake ndipo ufute ya zamani. Na mtu akikuuliza "hivi vingine huvichukui", geuka umsikilize, hata kama ameshika boksi.

Wiki iliyopita kikundi kiliniita. Nikadhani printer. Wakanipa mbuzi jike, mweupe, mzuri kweli. Nikainuka kumshika kamba, Mayu Kabula akaivuta nyuma.

"Ni wako, ameshaandikwa kwa jina lako. Ila atakaa kwa katibu."

"Mayu, mimi nina uwanja pale nyumbani."

"Tunajua. Lakini wewe utamformat."

Ukumbi mzima ulilala chini kwa kicheko, Katibu Maduhu mpaka akakohoa.

Haya wakuu, nyie mlishawahi kufuta nini mkadhani mmekopi? Tupieni hapo chini, nisiwe peke yangu. Mtakaonicheka chekeni, ila mbuzi ninaye. Jumapili naenda kumwona, nimeambiwa nisije na flash.