Pipa Lililobisha

Mimi sina subira na watu wanaoniuliza kama vumbi linaweza kuwaka. Linawaka! Vumbi la alumini linawaka kwa mwanga mweupe unaokuachia doa machoni. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilicheka, maana mimi na dada yangu mkubwa tulilelewa kwenye vumbi. Tumekulia mji mdogo wa Tabaka, tukisugua vinyago vya mawe ya sabuni. Vumbi la mawe yale unalimwagia maji, linatulia, halafu unalizoa. Nani aliwahi kuliogopa?

Karakana yetu iko Suneka. Tunayeyusha vyuma chakavu vya alumini na kutengeneza sufuria. Mume wa dada ndiye aliyekuwa akizisugua kwenye mashine hadi zing'ae. Alipofariki, mwenye karakana alimwita dada aje ashike nafasi yake. Dada hakudondosha chozi hata moja kwenye mazishi. Alikuja kazini, akavaa aproni ya marehemu, akawasha mashine. Watu wakasema ana moyo wa jiwe, nami nikawaambia wakome kabisa.

Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Ijumaa lazima pawe safi kabla jua halijatua. Ijumaa moja dada akaamua kusafisha kona aliyofanyia kazi shemeji, ambayo tangu msiba hakuna aliyetaka kuigusa. Juu ya boriti kulikuwa na vumbi la kijivu, laini kuliko unga wa wimbi. Shemeji ndiye aliyelitoa, akisugua sufuria moja baada ya nyingine. Dada akalifagia lote, akalitia kwenye pipa la plastiki, akamwagia maji ya sabuni tuliyooshea sufuria, akakaza kifuniko. Ndivyo tulivyofunzwa Tabaka. Jumamosi hatukufungua, tulikuwa kanisani.

Jumapili asubuhi nilimkuta dada ameketi sakafuni, sikio kwenye pipa.

"Njoo usikie," akanong'ona.

Nikainama. Ndani ya pipa kitu kilikuwa kikibisha. Ko. Kimya. Ko, ko. Kilibisha taratibu, kama mtu aliyechelewa kurudi na hataki kuamsha watoto. Nikaligusa. Lilikuwa limevimba, tena lina joto la mwili. Nywele zilinisimama hadi kisogoni.

"Bwakire," dada akalisalimia, vile tunavyosalimiana asubuhi.

Pipa likabisha.

"Ni yeye," dada akasema, na uso wake ukawa laini. Sikuwa nimeuona hivyo tangu msiba. "Ananiitikia."

Jamani, niliogopa. Sitadanganya kwamba nilifikiria gesi. Nilifikiria shemeji, na vile alivyokuwa akibisha mlango kwa kucha.

Upande wa pili wa karakana fundi wa tanuru, bwana mmoja kutoka kwa watu wa ziwa, alikuwa tayari amewasha makaa. Alikuja kutuamkia, akaliona pipa, macho yakamtoka.

"Nani ametia maji humo?"

"Mimi," dada akasema.

"Mama, toka hapo! Vumbi hilo likilowa linatoa gesi. Pipa likipasuka na moto wangu ule pale, tumekwisha!"

Dada akalikumbatia pipa kwa mikono miwili. "Mwacheni amalize anachosema."

Ala! Hasira ilinipanda, na ndiyo iliyonipa nguvu. Nikamkamata kwa kamba za aproni na kumburuta. Alinikwaruza, akaniuma mkono, akaniita muuaji. Fundi akamshika miguu, tukamtoa nje kama gunia. Tulikuwa hatujaifikia migomba pipa lilipopasuka. Kilisikika kishindo, kisha mwanga mweupe ukatokea kwenye kila tundu la mabati. Jirani akaja mbio na ndoo ya maji, fundi akampokonya.

"Maji hapana! Leteni mchanga mkavu!"

Akaumwaga mchanga taratibu kwa koleo, kutoka kando, bila kulitimua vumbi, hadi mwanga ukazama.

Siku hizi tunafagia kwa brashi laini, kila jioni, tanuru likiwa limezimwa. Vumbi linakaa kavu kwenye debe la chuma nje, mbali na maji na moto. Ukipuliza vumbi kwa mdomo mbele yangu utanitambua. Dada hakurudi kazini. Nilimweleza habari ya gesi mara nyingi, naye alinisikiliza kwa adabu, jicho lake likiwa mlangoni.

Halafu mchana mmoja nilimpelekea ndizi nyumbani. Nilimkuta chumbani, mbele yake mtungi mdogo wa plastiki uliofungwa. Aproni ya shemeji ilikuwa magotini, mifuko imegeuzwa nje, imekung'utwa ikakung'utika. Jikoni jiko lilikuwa linawaka. Mtungi ukasema ko.

"Wee! Umepagawa?" nikafoka. Alikuwa akiutabasamia mtungi.

Nikautwaa, nikatoka nao hadi katikati ya shamba, nikiushika mbali na uso. Dada alinifuata kwa magoti. "Niachie," alisema. "Nakuomba, mdogo wangu. Hilo ndilo vumbi la mwisho."

Nikafungua kifuniko. Ilitoka pumzi moja ndefu yenye joto, kisha kukawa kimya. Dada akaanguka kifudifudi shambani, akaanza kumlilia mumewe.