Yule Mama wa Kwenye Filamu Alikufa

Jamani, leo filamu ya Kihindi imeniliza nikiwa peke yangu sebuleni.

Ni ile tuliyoiona utotoni mtaani kwetu Makanyagio, miaka ya tisini, kwenye kibanda cha video. Kaka yangu Deo ndiye aliyekuwa anasoma maandishi ya Kiingereza na kututafsiria kwa sauti.

(Za siku hizi zinang'aa kweli, ila hazinigusi kama zile za zamani.)

Kuna sehemu mama anafumba macho hospitalini, watoto wake wanalia. Siku ile Deo alisema, "Wanalia kwa furaha. Daktari kasema atapona."

Nikapiga makofi. Watu wazima wote kimya, hakuna aliyembishia.

Leo nimesoma maandishi chini ya picha. Yule mama alikufa palepale.

Nikampigia Deo. "Kaka, ulikuwa unajua?"



"Nilijua. Mama yetu alikuwa wodini, na wewe umekaa hapo mbele unaniangalia. Ningesemaje?"

Mama alifariki wiki ileile.

"Mdogo wangu," akasema, "hata mimi nilitaka iwe hivyo."

Nyie mngemjibu nini?

Tumebaki tu kwenye simu, tunalia wote wawili.