Mashine Haikumsoma Mama

Mama alianza kulalamikia jicho la kulia wakati wa kuvuna viazi. Alisema anaona moshi mbele yake hata pasipo na moto. Zahanati ya hapa kwetu Makambako ikatupa barua ya kwenda Njombe, kwa daktari wa macho aliyekuwa akija mara moja tu kwa mwezi.

Siku hiyo saa mbili kasoro tulikuwa tumeshafika mapokezi, Mama kavaa sweta mbili na kitenge juu yake. Nyuma ya kioo alikaa dada mmoja kijana. Nikampitishia barua, kitambulisho cha Mama na kadi ya bima, kwa kuwa bima yangu ya ualimu inamhudumia na yeye.

"Bibi, weka kidole hapo," alisema, akisogeza kimashine kidogo chenye mwanga mwekundu.

Mama akaweka. Mashine ikalia.

"Kingine."

Vikajaribiwa vyote kumi. Akatutuma bombani tukanawe kwa sabuni. Maji yalikuwa ya baridi mpaka vidole vya Mama vikafa ganzi. Tuliporudi, mashine ikalia vilevile.

"Alama zimefutika. Bibi alikuwa anafanya kazi gani?"

"Analima," nikajibu. "Mpaka leo."

"Basi ndiyo hivyo."

Nikamwonyesha picha ya kwenye kitambulisho. Nikamwambia, "Dada, picha ni hii na mwenyewe ndiye huyu hapa."

"Mama, nakuelewa. Lakini mfumo haukubali bila kidole," akaniambia.

Nikasema nitalipa mwenyewe. Akasema faili limeshafunguliwa kwa bima, wa kulibadilisha ni mhasibu, na mhasibu yuko semina. Tukae, tumsubiri mtu wa kompyuta.

Tulikaa. Mama aliniuliza kwa Kibena kama amekosea kitu. Nikamwambia hapana. Baada ya muda akauliza tena.

Mimi ni mwalimu. Darasani nikiinua sauti, watoto zaidi ya sabini wananyamaza. Pale benchini sauti yangu sijui ilikwenda wapi. Kila nilipokisogelea kioo, dada aliinua kiganja kabla sijafungua mdomo. Saa sita daktari mwenyewe akapita mbele yetu na koti lake jeupe. Nilisimama. Akanitazama, akangoja kidogo niseme, na mimi nikamwamkia tu. Akaitikia, akaenda zake.

Saa tisa dada alituita. Mtu wa kompyuta hakutokea, na daktari alikuwa ameshaondoka.

"Poleni. Mje mwezi ujao."

Mama alimshika mkono kupitia kitundu cha kioo, akamshukuru. Hilo ndilo lililoniliza, na nililia tukiwa ndani ya gari njia nzima mpaka Makambako, Mama akidhani naumwa tumbo.

Mwezi uliofuata tulimkuta kaka mwingine mapokezi. Kidole cha Mama kilipokataa mara ya pili, alibonyeza mahali kwenye kompyuta, akampiga picha, akasema, "Nendeni chumba namba nne." Haikufika dakika tano.

Nilibaki nimesimama. "Hiyo ya picha imeanza lini?"

"Mbona ipo siku zote," alisema, akaita mwingine.

Daktari alimpima Mama kwa utulivu. Ilikuwa presha ya macho. La kulia, alisema, mwanga wake umekwisha na haurudi. La kushoto tutalilinda kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Nikamuuliza kama mwezi ule mmoja ungebadilisha kitu. Alivua miwani, akafikiri, akasema hawezi kujua.

Wakati wa kurudi Mama aliniomba nikae upande wake wa kulia, kwa sababu abiria walikuwa wakimgonga kwa mizigo, na yeye hawaoni wanapokuja.